Safari ya Kubeba Kitanda

Ninyi mliokaa wiki nzima mkijiuliza ni nani aliyekuwa akipiga mlango wa Fundi kama anataka kuung'oa, pumueni. Hakuwa mumewe.

Alikuwa Mama Mayai, jirani wa chumba cha tatu, na mkononi alishika gauni.

Fundi alisimama mbele ya mabegi mawili akijaribu kuyaziba kwa mwili wake, na mwili wenyewe ulikuwa mwembamba. Kitanda kilishafunguliwa, mbao zimeegeshwa ukutani. Cherehani ilikuwa imeviringishwa shuka na kufungwa kamba. Hata kipofu angepapasa akaelewa.

"Fundi," Mama Mayai akasema. "Unahama."

"Nani kasema?"

"Gauni limesema."

Akalikung'uta gauni hewani, la kitambaa cha maua, zipu mgongoni.

"Kitambaa hiki nilikuletea kabla ya mvua. Nikija, unaniambia njoo kesho. Nikija kesho, njoo Ijumaa. Nikija Ijumaa, zipu imekosekana. Mimi nikazoea, fundi ni fundi. Leo asubuhi unaniletea mwenyewe mpaka mlangoni, limepigwa pasi, na vifungo viko vyote!"

"Nilipata nafasi, dada."

"Ukapata nafasi na ya sare za watoto wa mwalimu? Na suruali ya mlinzi? Na mapazia ya yule bibi wa pembeni, ambayo mwenyewe alishasahau kama aliwahi kuwa na mapazia? Ua mzima umepata nguo zake leo, Fundi. Mimi sijawahi kuona fundi cherehani akamaliza kazi za watu wote kwa mpigo, halafu akabaki mahali alipo."

Hapo ndipo Fundi alipoliona kosa lake.

Mdogo wake wa kike alikuwa amemfundisha kila kitu. Asinunue kamba kwenye duka la hapa. Asianue nguo kabla ya saa yake. Asigawe sufuria wala ndoo. Lakini mdogo wake hakuwa fundi, hakujua kwamba kuna jambo moja ambalo Fundi hakuliweza: kuondoka na vitambaa vya watu. Heri kupigwa kuliko kuitwa mwizi wa vitambaa. Ndiyo maana alishona mpaka vidole vikavimba, akagawa nguo za watu akiona amefanya jambo la heshima, kumbe alikuwa anapiga mbiu.

Kwa mnaoidandia hadithi hii njiani, niwaambie upesi. Mume wa Fundi ni dereva wa lori, ua mzima humwita Tingatinga, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya lori. Safari iliyopita, kabla hajaondoka, alimpiga mkewe kofi ambalo limeacha sikio la kulia halisikii tena. Kesho kutwa anarudi. Mdogo mtu amempatia dada yake chumba ng'ambo ya mji, nyuma ya mashine ya kusaga unga, kwa sharti moja tu: jirani yeyote asijue. Jirani akijua leo, Tingatinga atajua kesho.

Sharti lilikuwa jepesi, kasoro mwiba mmoja. Kipusa.

Kipusa ni binti wa Fundi kwa mume wa kwanza, marehemu. Mwaka jana alikimbia nyumbani siku baba yake wa kambo alipomrushia pasi ya moto. Alipokuwa anatoka alisema neno moja dirishani: "Mama, nitarudi. Usihame hapa nikakukosa." Basi Fundi hakuhama. Alipigwa mwaka mzima akiulinda mlango, ili mtoto akirudi aukute ulipo.

Sasa anahama, na hakuna wa kumwelekeza mtoto.

"Sihami, dada," Fundi akasema. "Nasafiri. Kuna mgonjwa kwetu."

"Mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Na kitanda unampelekea akalalie?"

Mama Mayai alikuwa amesimama pale na ule uso wake wa utani, uso ambao umemaliza habari za mtaa mzima kwa vicheko. Utani ukamtoka taratibu, akabaki mwanamke mtu mzima aliyeumia.

"Nilikuja na neno, Fundi. Neno zito. Lakini mtu asiyeniamini na kitanda, nitamwaminije na neno?"

Akakunja gauni lake, akatoka. Fundi alitaka kumwita. Alifungua mdomo kabisa. Akakumbuka kuwa huyu ndiye aliyetangaza mimba ya mke wa mwalimu kabla mwalimu mwenyewe hajaambiwa, akaufunga.

Kisimu kidogo kikatetemeka ndani ya mfuko wa mabaki ya vitambaa. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, pikapu inakuja mchana. Umemwambia mtu?"

"Sijamwambia mtu. Lakini Kipusa..."

"Dada!"

"Akija hapa akamkuta yule mtu peke yake?"

"Kipusa ana akili zake, atakutafuta. Wewe huna sikio la pili la kupoteza. Usimwambie mtu, nakuomba kwa jina la mama yetu."

Simu ikakatika. Fundi akakaa juu ya begi, akawaza majirani mmoja mmoja, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.

Mama Mayai, hapana. Mke wa mwalimu angemwambia mumewe. Bibi wa mapazia anasahau hata jina lake. Mlinzi hunywa, na akinywa huimba. Akabaki mmoja.

Kinyozi.

Duka la Kinyozi lilitazamana na geti la ua: kiti kimoja, kioo kimoja, benchi la kungojea. Ndani ya duka lile watu walimwaga siri zao zote, na hakuna siri hata moja iliyowahi kutoka. Kinyozi alikuwa mtu wa "mmh" na "sawa". Ukimpa habari aliipokea kama nywele, inaanguka chini na kufagiliwa.

Fundi alimkuta anasafisha mashine kwa brashi.

"Shemeji, nina jambo. Ni la kufa nalo."

"Mmh."

Akamweleza. Hakuficha kitu, wala sikio. Akamwambia kuhusu chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Akamwambia kuhusu binti.

"Kipusa akija, shemeji, mwambie yeye tu. Wengine wote hujui."

Kinyozi akapuliza nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine.

"Mwenzako anajua?"

"Hajui. Na asijue."

"Sawa," Kinyozi akasema.

Fundi akarudi chumbani akiwa mwepesi. Tangu binti aondoke hakuwahi kuhisi hivyo. Alifikia hata kuimba kidogo akifunga vyombo.

Najua mnapiga kelele huko mliko. Kimya kingi kina mshindo, na ninyi mnaujua huo msemo, lakini Fundi wakati ule hakuukumbuka.

Mchana pikapu ikaingia. Dereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akauliza mzigo uko wapi. Na hapo likatokea jambo ambalo Fundi hakulitegemea.

Milango ya ua ikafunguliwa yote.

Mlinzi akatoka amevaa suruali yake mpya, akabeba mbao za kitanda begani bila kuuliza. Mke wa mwalimu akabeba ndoo ya vyombo. Bibi wa mapazia akachukua ufagio, kwa kuwa ndicho alichokiweza.

"Safari njema, mwanangu," bibi akasema. "Mama Mayai katuambia. Huyo mgonjwa apone."

"Asante, bibi."

"Bibi," mtoto mmoja wa mwalimu akauliza, "mgonjwa gani anataka kabati?"

Mama yake akamfinya mkono. "Mgonjwa wa mifupa. Nyamaza!"

Hakuna aliyetamka neno kuhama. Walipakia godoro, wakapakia meza, huku wakimtakia safari njema na kumpa pole za mgonjwa asiyekuwepo. Fundi alilia waziwazi. Watu hawa alikuwa anawaficha, na hawa hawa walikuwa wanamsaidia kuficha. Mwaka mzima walisikia kila kitu kupitia kuta zile nyembamba na hakuna aliyegonga mlango hata mara moja. Labda ndiyo sababu leo walibeba kwa bidii namna ile.

Mwisho wakapandisha cherehani. Fundi akapanda mbele, kando ya dereva.

"Twende, kaka."

Dereva akawasha gari.

"Simama! Simama hapo!"

Mama Mayai alikuwa anakuja mbio, hana viatu. Akashika dirisha la pikapu kwa mikono yote miwili.

"Nimeshindwa," akasema, anahema. "Nilisusa, lakini nimeshindwa. Fundi, Kipusa huja kwangu."

"Unasema?"

"Huja. Tangu alipoondoka. Huingia kwa mlango wa nyuma mumeo akiwa safarini. Hukaa kwenye dirisha langu la jikoni akikuchungulia unavyoshona hapo barazani. Akishiba kukutazama, anaondoka."

Fundi akahisi kama amepigwa kwenye sikio la pili.

"Na wewe ukanyamaza? Wewe, usiyeweza kunyamazia hata yai viza?"

"Aliniapisha! Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kulinyamazia tangu nizaliwe, na limenikondesha." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Alisema mama ameshalisahau lile neno la dirishani; akijua nipo karibu, ataridhika kukaa na yule mtu. Nikipotea kabisa, atachoka, atahama. Siku akihama mwenyewe, ndipo nitatoka nimfuate."

"Dada," Fundi akasema. "Mimi nilikaa kwa sababu yake. Nilikaa ili asinikose."

Wanawake wawili wakatazamana. Mama angeondoka laiti angejua mtoto yuko salama, na mtoto angejitokeza laiti mama angeondoka. Mwaka mzima umekwenda hivyo, na sikio limekwenda.

"Yuko wapi sasa?"

"Anaosha vyombo kwenye hoteli ya stendi. Uliponidanganya asubuhi, niliumia. Nikasema, kama hamwambii jirani, basi atamwambia mwanawe. Nikapiga simu hotelini, nikawaambia mwambieni aje mbio, ni habari ya mama yake. Sikutaja zaidi, wasije wakasikia." Akatazama barabarani, akakunja uso. "Lakini ni muda sasa. Angekuwa ameshafika."

"Tumfuate stendi! Kaka, geuza gari!"

"Shemeji."

Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya pikapu, simu mkononi.

"Shemeji, usiondoke kwanza," akasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia. "Nyumba haivunjwi kwa siri. Nimempigia. Nimemwomba aje kwa upole, mkae, mzungumze kama watu wazima. Amenikubalia. Alishaingia mjini tangu asubuhi, alikuwa anashusha mzigo."

Mke wa mwalimu akashika kichwa. Mlinzi akatukana, tusi ambalo mhariri hawezi kuniachia nilichape.

Fundi hakutukana. Alimtazama yule mtu mpole aliyemchagua mwenyewe kati ya majirani wote, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Na ninakohamia, umemwambia?"

Kinyozi akainamisha kichwa.

"Aliniuliza. Ni mumeo."

Honi ikalia getini, ndefu, ya lori. Watoto wakakimbilia ndani. Lori likasimama limeziba geti lote, pikapu haina pa kupita. Mlango wa dereva haukufunguka. Ulifunguka wa upande wa pili kwanza.

Akashuka Kipusa.

Amekonda, amerefuka, aproni ya hotelini bado kiunoni, kovu la pasi shingoni. Alimwona mama yake amekaa ndani ya pikapu, mzima, na uso wake ukabadilika mara mbili kwa mfululizo: kwanza furaha, halafu kuelewa.

"Mama," akasema. "Si umeanguka? Si uko mahututi?"

Nyuma yake Tingatinga akateremka kwa mlango uleule, mkono mmoja umemshika binti kifundo cha mkono. Alikuwa anatabasamu. Waliomjua hawakupenda tabasamu lake.

"Nimemkuta njiani anakimbia," akawaambia watu wa ua, kama anayesimulia jambo la kuchekesha. "Nikamwambia panda, mama yako hali mbaya. Akapanda. Mtoto anampenda mama yake, jamani." Akamgeukia mkewe. "Kumbe tunahama! Mbona sikuambiwa? Pikapu ya nini wakati mumeo ana lori?"

Fundi akashuka.

"Mwache mtoto. Mimi nitabaki. Mwache aende."

"Nani kasema tunabaki? Tumeshahama." Akapaza sauti. "Majirani! Mlivyompakilia mke wangu, hebu nipakilieni na mimi. Toeni huku, wekeni kule."

Hakuna aliyesogea. Ua ulikuwa kimya hata kuku wa Mama Mayai walisikika wakidonoa. Fundi akawatazama usoni, mmoja baada ya mmoja, na kwa kitambo kidogo akaamini kwamba watamkatalia.

Dereva wa pikapu ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Mimi natafuta riziki tu, mama," akasema bila kumwangalia. "Sitaki ugomvi wa mke na mume." Akaanza kuteremsha godoro.

Halafu mlinzi akashika mbao za kitanda. Halafu mke wa mwalimu akachukua ndoo ileile. Walibeba vilevile walivyobeba mwanzo, isipokuwa safari hii hakuna aliyemtakia mgonjwa nafuu.

Mama Mayai peke yake alikwenda akasimama mbele ya lori, miguu mitupu, mikono ameitandaza.

"Hawaendi! Labda unikanyage."

"Mama Mayai," Tingatinga akamjibu, "wewe kauze mayai."

Akampandisha Kipusa, akarudi kwenye usukani kwa kupitia hapohapo, akawasha mashine. Lori likanguruma. Mama Mayai hakutikisika, mpaka bibi wa mapazia alipomkumbatia kwa nyuma na kumvuta pembeni, wote wawili wakaangukia ukuta wa ua. Kinyozi alikuwa bado amesimama na simu yake, anasema "lakini tulikubaliana, lakini tulikubaliana", na hakuna aliyemsikiliza.

Mlango wa abiria ulikuwa wazi unamngoja Fundi. Angeweza kukimbia. Nimelifikiria hilo kwa niaba yake, na nanyi mnalifikiria. Barabara ilikuwa pale, na mtu mmoja angepona.

"Shuka, mwanangu," akamwambia binti. "Ruka."

Kipusa akatikisa kichwa. Mkono wa baba yake wa kambo ulikuwa umemkamata aproni kwa nyuma.

"Panda, mama," akasema polepole. "Tukiwa wawili hatajua aanze na nani."

Fundi akapanda. Akakaa, akamkumbatia mtoto aliyemngoja mwaka mzima, akamnusa nywele. Zilinuka sabuni ya vyombo na moshi. Furaha ilimjia, ya kweli kabisa, katikati ya hofu, na aliichukia kwa kuja wakati ule.

Lori likaliachia geti, likaingia barabarani. Mbele kulikuwa na njia panda. Kulia ni ng'ambo ya mji, ambako mdogo wake alikuwa ameshafagia chumba na kuwasha taa.

Tingatinga akakata kushoto, akashika barabara kuu.

"Si huku," Fundi akasema. "Umeambiwa nyuma ya mashine ya kusaga."

"Huko watu wameshapajua," akamjibu bila kugeuka. Akafunga kufuli za milango.

Fundi akageuka kwenye kioo cha ubavuni. Mama Mayai alikuwa amejinyanyua, anachechemea katikati ya barabara, anapiga kelele akirudia neno moja. Sikio zima lilikuwa upande wa dirisha, akalisikia.

"Wapi? Fundi, wapi?"

Akateremsha kioo cha dirisha, akatoa kichwa nje. Kwa mara ya kwanza alitaka kwa moyo wote kumwambia jirani anakohamia. Akafungua mdomo, na yeye mwenyewe hakujua ni wapi.